Waridi jekundu lipandwe Tarime, jeupe liachiwe Mugumu

Kamati ya harusi ikishapitisha rangi za sherehe, mpambaji hana tena nafasi ya kubahatisha. Kama imeamuliwa ni damu ya mzee na nyeupe, basi ukumbi mzima, kuanzia meza ya maharusi hadi vitambaa vya viti, sharti uonekane hivyo. Mpambaji wa Tarime au Mugumu ambaye hana hakika waridi la shambani litakuja na rangi gani wiki hiyo, huona ni salama zaidi kununua maua ya plastiki. Hayanukii na yanashika vumbi, lakini rangi yake ya Januari ndiyo ya Julai.

Kwa mkulima anayeotesha waridi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hilo ni soko linalopotea kwa sababu ambayo wengi hawaitambui. Ua likipauka, lawama huenda kwa miche, au kwa udongo uliochoka, au kwa aliyeuza miche. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni joto la usiku na jua la mchana.

Chukua mche mmoja wa waridi jekundu, ukate vipande viwili, kimoja kipandwe Muriba kwenye miinuko ya Tarime na kingine Natta, wilayani Serengeti. Vyote vikihudumiwa sawasawa, bado maua hayatafanana. La Muriba litakuwa limekolea na kichwa chake kikubwa. La Natta litachanua mapema zaidi, litakuwa dogo, na wekundu wake utaelekea kwenye pinki. Mnunuzi wa maua hutazama rangi kwanza, ndipo ahangaike na urefu wa kikonyo. Kwa hiyo anayetaka kuingia katika biashara hii anatakiwa kujua mwinuko wa shamba lake kabla hata ya kuhesabu mtaji.

Rangi inavyotengenezwa

Wekundu na upinki wa waridi hutokana na kemikali ziitwazo anthosayanini, ambazo ni za jamii moja na zile zinazoipa rangi juisi ya rozela. Unjano hutokana na karotini, ambazo zimo pia katika karoti na boga. Waridi jeupe lina kiasi kidogo mno cha rangi hizo kiasi kwamba jicho haliyaoni. Rangi ya buluu haimo kabisa katika ukoo wa waridi. Kampuni ya Suntory ya Japani ililazimika kuingiza vinasaba vya mmea mwingine ili kupata waridi lililoanza kuuzwa huko mwaka 2009, na hata hilo linaelekea zaidi kwenye zambarau. Mtu anayemwambia mkulima kuwa ana mche wa kawaida wa waridi la buluu, anauza wino.

Anthosayanini hutengenezwa ndani ya tumba, hasa katika siku za mwisho kabla ua halijafunguka. Kazi hiyo inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni sukari, ambayo majani huitengeneza mchana kwa msaada wa jua. Cha pili ni mwanga wenyewe, ambao huuamsha mmea uanze kutengeneza rangi. Tumba lililofunikwa na kivuli kizito hukosa vyote viwili.

Joto huharibu hesabu hiyo kwa njia mbili. Mmea hupumua usiku kama mchana, na kadiri usiku unavyokuwa wa joto ndivyo unavyounguza sukari uliyojiwekea. Mbali na hilo, joto kali hupunguza utengenezaji wa anthosayanini na kuzivunja zile zilizokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana waridi jekundu lililokomaa katika wiki za joto huonekana kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Waridi hupenda mchana wa nyuzi joto kama 20 hadi 27 na usiku wa nyuzi kama 14 hadi 18. Jua la mchana linapokuwa zuri na usiku ukapoa, rangi hukolea.

Unjano una ustahimilivu zaidi mbele ya joto kuliko wekundu, ingawa jua kali la siku kadhaa huupausha ua likishafunguka. Jeupe halina cha kupoteza. Hapo pana siri kubwa ya kibiashara kwa mkulima wa maeneo ya chini, na itarudiwa hapa chini.

Mita mia chache zenye thamani

Tarime na Serengeti ziko karibu sana na Ikweta, chini ya nyuzi mbili kusini. Maana yake ni kwamba urefu wa mchana karibu haubadiliki mwaka mzima. Ni saa 12 na dakika chache. Mkulima wa Ulaya hupambana na majira ya baridi yenye mchana mfupi, na huwasha taa ndani ya nyumba za vioo ili maua yapate rangi. Mkulima wa Mara hana tatizo hilo. Kinachobadilika kwake ni mawingu, ukali wa jua na baridi ya usiku, na hayo hutegemea msimu na mwinuko.

Miinuko ya Tarime, kuelekea mpaka wa Kenya, iko takriban mita 1,500 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kahawa ya arabika haikuota huko kwa bahati. Ukiteremka kuelekea bonde la Mto Mara, na ukaenda Mugumu, Natta, Issenye hadi Robanda karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ardhi inashuka na hali inabadilika. Kanuni ya jumla ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Tofauti ya mita 400 ni kama nyuzi mbili na nusu. Kwa mtu aliyevaa koti hizo si kitu. Kwa tumba la waridi linalotafuta wekundu, ndizo zinazoamua kama litauzwa au litatupwa.

Majirani wameshalipia somo hili. Uganda ilijenga mashamba ya waridi kandokando ya Ziwa Victoria, maeneo ya Entebbe na Wakiso, ambako mwinuko ni kama mita 1,150 hadi 1,200. Usiku wa kule una joto. Mashamba hayo yakajikuta yanaweza kushindana kwa waridi dogo la kichwa kidogo, lenye kuzaa maua mengi kwa eneo lakini bei ya chini, huku Naivasha nchini Kenya, iliyo karibu mita 1,900, ikiuza lenye kichwa kikubwa zaidi. Baadhi ya kampuni za Uganda hatimaye ziligeukia vipando vya krisanthemu. Mbali zaidi, wakulima wa Ecuador wanaolima kwenye mita zaidi ya 2,500 katika milima ya Andes huuza waridi linalosifika kwa ukubwa na rangi iliyokolea, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kukomaa.

Mkulima wa pwani ya ziwa katika Mkoa wa Mara asome habari za Entebbe kwa makini, kwa sababu hali ya hewa yake inakaribiana na ya huko kuliko ya Naivasha.

Lakini baridi nayo ina adabu yake

Si kweli kwamba kadiri shamba linavyokuwa juu ndivyo mambo yanavyonyooka. Miale ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi, huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Usiku wa baridi ukifuatiwa na asubuhi yenye jua kali, kingo za waridi jekundu hugeuka nyeusi kama zimepitiwa na moto. Waridi jeupe au la rangi ya maziwa nalo, likipata baridi, huweza kuota madoa ya pinki pembeni. Mpambaji aliyeagiza jeupe hatakubali kuambiwa kwamba madoa hayo ni urembo wa Mungu.

Wakulima wa Kenya hupambana na weusi huo kwa kufunika vitalu nyumba kwa nailoni maalumu inayozuia miale ya urujuanimno na kupitisha mwanga mwingine. Mkulima wa Sirari au Nyanungu anayefikiria kujenga kitalu nyumba aulize hilo kwa muuzaji kabla ya kulipa. Nailoni zote zinafanana kwa macho, na bei ya chini huwa na sababu yake.

Kwa shamba la wazi la maeneo ya chini, tatizo ni kinyume chake. Hapo kinachosaidia ni kivuli chepesi cha alasiri. Neti ya kivuli inayozuia theluthi ya jua inatosha. Neti nzito hunyima tumba mwanga na kuleta rangi hafifu kuliko ile iliyokuwa inakimbiwa. Wasio na uwezo wa kununua neti wanaweza kupanga mistari ya waridi upande wa mashariki wa migomba, ili jua la asubuhi lipige vizuri na lile la saa 9 alasiri lizuiwe. Migomba isikaribie mno, kwani nayo inakunywa maji na kula samadi ileile.

Hasara inayohesabika

Wakulima wengi huona kupauka kwa rangi ni suala la urembo. Hesabu ndogo ya mfano inatosha kuonyesha vinginevyo. Chukulia mkulima mwenye miche 300, kila mche ukitoa maua mawili yanayofaa kuuzwa kwa mkupuo mmoja. Ana maua 600. Chukulia ua lenye rangi kamili linauzwa Sh1,000 na lililopauka Sh400. Robo ya maua ikipauka, amepoteza Sh90,000 kwa mkupuo huo. Kwa mikupuo mitano ya mwaka, ni Sh450,000. Bei hizo ni za mfano tu, lakini kila mkulima anaweza kuweka za kwake, kisha aende dukani kuuliza bei ya neti akiwa na jibu mfukoni.

Hasara nyingine haionekani katika hesabu hiyo. Mnunuzi aliyeletewa rangi tofauti mara mbili hamwambii mkulima kuwa amemwacha. Anaacha tu kupiga simu.

Hivyo, badala ya kila mmoja kutaka waridi jekundu kwa kuwa ndilo linalosifiwa, wilaya hizi mbili zingegawana kazi. Wekundu na upinki uliokolea uachiwe miinuko ya Tarime: Muriba, Nyanungu, Sirari na vijiji vya jirani. Mugumu, Natta na Issenye wachukue jeupe, la rangi ya maziwa, na la njano kwa wale wenye kivuli. Waridi jeupe lina soko pana kuliko watu wanavyodhani. Linaingia harusini, linaingia kanisani, na msiba hauna msimu. Mfanyabiashara mwenye pikipiki na ndoo safi anaweza kupeleka jeupe Tarime na kurudi na jekundu Mugumu, na mpambaji wa kila upande akapata rangi zote mbili za kamati.

Wapo watakaosema kuwa mkulima wa Serengeti ananyimwa zao bora. Hoja hiyo haina mashiko. Zao bora ni lile linalotoka shambani jinsi mnunuzi alivyoagiza.

Wageni huja wakati wa baridi

Kuna jambo moja ambalo hali ya hewa ya Mara inampa mkulima bure, na linatumika kidogo mno. Wiki zenye usiku wa baridi na anga safi katika miinuko ya Tarime huangukia kati ya Juni na Agosti. Kipindi hichohicho ndicho msimu mkubwa wa watalii unapoanza Serengeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba makundi ya nyumbu huwa kaskazini mwa hifadhi, maeneo ya Kogatende, yakivuka Mto Mara, na hoteli na kambi hujaa. Kila chumba na kila meza ya chakula ya hoteli ya kitalii hutafuta ua.

Malalamiko kwamba hoteli hizo hununua mboga, mayai na matunda Arusha huku vijiji vya jirani vikitazama magari yakipita ni ya siku nyingi. Kwa mboga, hoteli zimekuwa zikijibu kuwa wakulima wa karibu hawana uhakika wa kiasi na ubora. Kwa waridi la Julai, Tarime ina hoja ambayo mashamba ya maeneo ya chini hayana: usiku wake. Rangi iliyokolea, iliyokatwa alfajiri na kufika jioni ileile, ni bidhaa ambayo meneja wa hoteli anaweza kuipima kwa macho bila kusoma andiko la mradi.

Kinyume chake, Februari 14, siku ya wapendanao ambayo kila mtu huiwazia akisikia neno waridi, haimpendelei mkulima wa shamba la wazi. Tumba zake hujengeka Januari na mwanzoni mwa Februari, wakati jua ni kali na usiku hauna baridi ya kutosha. Anayelenga siku hiyo anahitaji mwinuko au neti, na mnunuzi aliyethibitisha mapema.

Masika nayo ina shida yake. Mawingu ya Machi hadi Mei hupunguza mwanga, sukari hupungua, rangi hufifia, na unyevu huleta ubwiri unga na ukungu wa kijivu unaotoboa madoa kwenye ua. Maua ya miezi hiyo yauzwe kwa bei ya miezi hiyo, bila ugomvi.

Kabla ya kulilaumu jua

Zipo pia sababu zisizohusiana kabisa na hewa. Miche mingi ya kisasa ya waridi imebebeshwa juu ya shina la waridi pori, na katika Afrika Mashariki linalotumika sana ni Natal Briar. Machipukizi yanayotoka chini ya mahali palipobebeshwa yasipong'olewa, humeza mche mzima, na baada ya mwaka mkulima anavuna maua tofauti kabisa na aliyonunua. Huyo hajarogwa, wala hewa haijabadilika. Ameshindwa kung'oa machipukizi tu.

Mbolea ya urea ikizidi, huleta majani mengi na rangi hafifu. Na imani kwamba kuzika misumari yenye kutu au kubadili tindikali ya udongo kutabadili rangi ya waridi haina ukweli. Tindikali ya udongo hubadili rangi ya ua la haidranjia, ambalo ni mmea mwingine.

Hata ua likishakatwa, rangi huendelea kubadilika. Jekundu likikaa kwenye joto huelekea zambarau chafu, kwa sababu tindikali ndani ya ua inapungua linavyozeeka. Likatwe kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, tumba likiwa bado limefumba, litumbukizwe mara moja kwenye maji safi na liwekwe kivulini. Sukari kidogo na matone ya ndimu kwenye maji hayo husaidia kuchelewesha uzee.

Ndoto ya Uholanzi

Kila yanapozungumzwa maua, hutokea anayeuliza kwa nini Tarime isipeleke waridi kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kama Naivasha. Naivasha ina vyumba vya ubaridi, malori ya ubaridi na ndege za mizigo za Nairobi, vitu vilivyojengwa kwa miongo mingi. Arusha, ambayo ilianza biashara hiyo mapema na ina wataalamu, imeshuhudia baadhi ya mashamba yake makubwa yaliyovuma yakifungwa. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga miji ya Ulaya, maua yaliharibiwa kwa wingi kwenye mnada huohuo kwa kukosa wanunuzi. Mkulima wa nusu eka, mwenye mahindi na kahawa pembeni, hana mgongo wa kubeba pigo la namna hiyo.

Pia kuna suala la sheria. Aina nyingi mpya za waridi zina mwenyewe, na anayezizalisha hulipia. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu ya mwaka 2012 na ilijiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo, UPOV, mwaka 2015. Kuvusha vipando kutoka Kenya kupitia Sirari ndani ya mfuko wa sukari si ujanja. Ni kukwepa ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na kujiletea magonjwa shambani. Miche ya aina za zamani zisizo na hakimiliki inatosha kabisa kwa soko la harusi na hoteli.

Halmashauri za Tarime na Serengeti hazihitaji mradi mkubwa wa kufadhiliwa ili kusaidia. Kipimajoto kinachoandika joto la juu na la chini ni kifaa cha bei ndogo. Kikiwekwa kwenye shule au ofisi ya kata, kimoja miinuko ya Tarime, kimoja karibu na Mto Mara, kimoja Mugumu na kimoja Robanda, na bwana shamba au mwalimu akaandika namba kila asubuhi kwa mwaka mmoja, wakulima watakuwa na ramani ya rangi ya maua yao. Kituo cha utafiti cha TARI Tengeru, Arusha, kinaweza kuulizwa aina gani zifae kila mstari wa ramani hiyo. Namba hizo zitamfaa hata mkulima wa kahawa na nyanya, na zitaonyesha kama usiku wa Tarime unaanza kupoteza baridi yake kadiri dunia inavyopata joto. Hilo likitokea, waridi litakuwa la kwanza kusema.

Kwa anayetaka kuanza, muda ni huu: katika miinuko ya Tarime, tangu kupogoa hadi kukata ua huchukua kama wiki nane hadi tisa wakati wa baridi; Mugumu ni wiki sita hivi. Anayetaka waridi jekundu la wiki ya kwanza ya Julai apogoe mwishoni mwa Aprili au siku za mwanzo za Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, na awe ameshaongea na hoteli au mpambaji mmoja kabla hajashika mkasi.